Viwambo Nilivyofungua, na Kimoja Nilichokataa

Wasichana watatu wa Masimba wamepata kazi ya kutandika vyumba kwenye meli za watalii, na wote watatu wamekuja hapa kwangu Nyansiongo kuniuliza kazi ile ikoje. Kila mmoja nilimweleza. Kila mmoja alikuwa amesahau kabla ya kufika barabarani. Kwa hivyo naandika. Nikiandika, angalau hamtanikatiza na simu zenu.

Sitawaambia nililipwa nini wala nilipandishwa cheo mara ngapi. Hilo la kwanza haliwahusu. La pili jibu lake ni fupi: sikupandishwa. Niliingia nikiwa mtandika vyumba, nikatoka nikiwa mtandika vyumba, tofauti ni goti moja lililoharibika hapo katikati. Nitawaambia juu ya vyumba vya roshani, yaani vile vyenye kibaraza chake cha nje juu ya maji, na jinsi ya kuviunganisha watu wa kundi moja wanaposafiri pamoja. Kazi hiyo niliijua kuliko wenzangu wengi, na ndiyo niliyokaribia kumuua nayo mtu.

Shule niliacha darasa la nne. Msinihurumie, maana mwalimu wangu alifurahi kuniona nikienda. Nilikama ng'ombe wa watu hapa Borabu, nikachuma majani chai, nikaolewa, nikafiwa na mume. Mtoto wangu nikamwachia mama yangu, nikashuka Mombasa kufagia hoteli. Nilifika nikidhani najua Kiswahili. Watu wa kule walikuwa wananiomba nirudie nilichosema, na nilidhani hawakusikia vizuri. Kumbe walikuwa wanaitana waje nao wasikie. Nilikaa kwenye hoteli hiyo miaka kumi na mmoja, mpaka akaja wakala akitafuta wanawake wanaojua kutandika kitanda haraka bila kuongea. Kuongea niliahidi kuacha. Nikaenda.

Siku ya kwanza melini nilikabidhiwa kwa Dada Zuhura, mwanamke wa Tanga, mwembamba, mwenye funguo nyingi kiunoni. Alinigeuza mikono akaitazama kama mtu anayenunua viazi.

"Mikono ya shamba," akasema. "Vizuri. Macho je?"

"Mazima."

"Unasoma?"

"Nasoma."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza melini. Namba nilisoma kama karani. Maneno nilisoma pia, lakini mpaka nipewe nafasi, na yawe ya Kiswahili. Ya Kiingereza nilikuwa nayatazama tu kama vile unavyomtazama mtu ambaye mmewahi kuonana mahali lakini hukumbuki ni wapi. Melini hakuna anayekupa nafasi. Kengele inalia, wageni wanapanda, na una vyumba kumi na sita.

Sasa kiwambo. Kati ya roshani moja na ya jirani yake kuna kiukuta chepesi, cheupe, kirefu kuliko mtu. Karatasi za ofisi zinakiita kwa Kizungu. Dada Zuhura alikiita kiwambo, nasi tukamfuata. Upande mmoja kina bawaba, upande wa pili kufuli dogo lenye tundu la pembe tatu. Chini kimeachwa uwazi wa kama shubiri moja, ili maji ya kuoshea sakafu yapite. Uwazi huo mkumbuke. Kundi likitaka kukaa pamoja, unatia ufunguo wa pembe tatu, unazungusha nusu, unakisukuma kiwambo mpaka kilale kwenye ukuta wa meli, halafu unakishika kwa kulabu. Roshani mbili zinakuwa moja. Ukifungua vitano unapata baraza ndefu kama ya ofisi ya chifu, na watu wamekaa vivyo hivyo, wakingojea kulalamika.

Hufungui kwa kujipendea. Wageni wapya wakipanda, supavaiza anakupa orodha: chumba fulani na fulani, fungua. Mwisho wa kila mstari pana nafasi ya maelezo. Nafasi hiyo pia mkumbuke. Mimi sikuikumbuka.

Siku ya tatu Dada Zuhura aliniambia nifanye peke yangu, yeye atatazama tu. Nikakuta ndugu wawili na wake zao koridoni. Walikuwa wamejichagulia vyumba wenyewe, 612 na 613, na wanataka roshani zao ziunganishwe. Nikaona ni sawa kabisa. Kumi na mbili na kumi na tatu zinafuatana hata Nyansiongo. Nikaingia 612, nikatoka roshani, nikafungua kiwambo cha kushoto. Nikakuta mwanamume mnene amelala na gazeti usoni. Nikafunga. Nikafungua cha kulia. Nikakuta mwanamke anajikata kucha za miguu, akaniuliza kama mimi ndiye niliyeitwa kumsaidia. Nikafunga. Nikarudi koridoni nikawaambia wale ndugu, kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka, kwamba chumba 613 hakiko.

Dada Zuhura alikuwa ameegemea mkokoteni wa mashuka, anacheka mpaka funguo zinalia kiunoni.

"Bosibori, melini namba shufwa ziko upande mmoja na witiri upande wa pili. Jirani wa 612 ni 614. Hiyo 613 iko ng'ambo, inatazama bahari nyingine. Ulitaka kiwambo kifunguke, kipite kwenye lifti, kitokee kule?"

Kwa hivyo, mgeni akiwauliza, mwambieni: vyumba vinavyopakana havifuatani kwa namba, vinarukana. Tena si kila kiwambo kinafunguka. Viko vilivyopigwa misumari ya kudumu, na kama kundi halikuuliza mapema, hata ulie hapo, havitafunguka.

Jambo la pili alilonifundisha ni kulabu. Kiwambo kisichoshikwa na kulabu ni teke la ng'ombe. Nilikisahau kimoja, upepo ukakirudisha, kikapiga sinia ya chai, na kanzu ya kuogea ya mgeni ikaruka ikaenda zake baharini na mikono imenyooka kama mtu anayeomba msaada. Mlinzi wa meli aliyeiona kutoka chini akapiga kelele kwamba mtu ameanguka. Niseme tu kwamba meli kubwa haipunguzi mwendo kimyakimya, na kila mtu aliniuliza jina langu siku hiyo.

Jambo la tatu nililipuuza, nalo ndilo lililokuwa na maana. Tulikuwa tunakunja taulo, nami nilikuwa namweleza jinsi nilivyoona wageni fulani wamekaa vibaya, mama mkwe chumba cha katikati badala ya mwisho. Dada Zuhura hakuinua macho.

"Wewe fungua viwambo, Bosibori. Ukoo wao waachie wenyewe."

Nikasema ndiyo, dada. Nilisema ndiyo kama nyinyi mnavyoniambia ndiyo, magokoro, yaani ndiyo, bibi, huku mnatazama simu.

Miaka ikapita. Dada Zuhura alirudi Tanga, mimi nikawa ndiye ninayewatazama wengine mikono. Nilifungulia viwambo maarusi, vikundi vya akina mama wa kanisa, mapacha wazee waliotaka kucheza karata bila kuvaa viatu. Nikajifunza kwamba kundi linaomba kufunguliwa siku ya kwanza kwa shangwe, na siku ya nne mmoja wao anakuja kukunong'oneza ufunge, useme ni amri ya nahodha. Nilikuwa nafunga. Nahodha wetu alisingiziwa mengi.

Ufunguo wa pembe tatu niliupaka mafuta, na kila kufuli la upande wangu nililipaka mafuta kila wiki, kwa sababu chumvi ya bahari haina huruma. Makufuli yangu yalikuwa yanazunguka kwa kidole. Nilijisifu sana kwa jambo hilo. Hilo nalo mliweke akilini.

Mwaka wangu wa saba nilipewa orodha yenye vyumba 818, 820 na 822: fungua vyote. Mwisho wa mstari palikuwa na maelezo marefu kidogo ya Kiingereza. Nikasoma namba. Halafu nikaona jina, Nyakundi, na maelezo nikayaacha palepale. Mnaelewa? Miaka saba sijasikia mtu akikohoa kwa lugha yetu. Nikaenda kubadilisha aproni.

Walikuwa watu watano. Mzee Nyakundi mwenyewe, wa Ogembo, ambaye mwanawe Onsongo alikuwa amemtoa nyumbani kwa ndege ili aone bahari kabla hajafa. Mzee alilisema hivyo waziwazi: kabla sijafa. Onsongo na mkewe Kerubo wanaishi ng'ambo. Binti zao wawili walikuwa wakubwa wa kutosha kunizidi urefu. Kerubo ndiye aliyesoma jina langu kifuani.

"Bosibori? Wewe ni wa wapi?"

"Nyansiongo."

Akapiga kelele, akanikumbatia pale koridoni, mashuka yakaanguka. "Onsongo, njoo uone! Mtu wa kwetu! Mama, utatufungulia hivyo viukuta, sivyo? Vyote viwili?"

"Vyote viwili," nikasema, na wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Mabinti walikuwa 818. Onsongo na Kerubo 820, katikati. Mzee peke yake 822. Nikafungua kiwambo cha mabinti na wazazi wao, nikatia kulabu. Nikaenda kwa mzee nifungue cha pili. Ufunguo ukiwa mkononi ndipo akili yangu, ambayo kawaida inachelewa, ilipofika mapema siku hiyo. Upande huu ni baba mkwe. Upande ule ni mkamwana. Asubuhi mmoja atatoka na fulana, mwingine na leso, na katikati hakuna kitu.

Walio nje ya Gusii niwaeleze kidogo. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa kana kwamba ni yake, wala mama halali humo. Mkamwana hakaribii kitanda cha baba mkwe. Watu hao wawili wanapendana kwa mbali, kwa heshima, na hiyo heshima yenye haya ndani yake tunaiita chinsoni. Mimi niliinywa pamoja na uji.

Mzee alikuwa amesimama roshani ameshika fimbo. Alitazama kiwambo, akatazama ufunguo wangu.

"Hicho kitu kinafunguka?"

"Kinafunguka, tata," nikasema, yaani baba.

"Na upande ule yuko nani?"

"Mkamwana wako."

Akageuka akatazama maji kwa muda. "Basi hakifunguki," akasema.

Nikarudisha ufunguo mfukoni. "Hakifunguki, tata."

"Umelelewa wewe," akasema.

Jamani. Nilisukuma mkokoteni koridoni siku hiyo kama mtu aliyetoka kupewa shahada. Maneno mawili ya mzee wa Ogembo yalinifanya nione wenzangu wote pale melini hawakufunzwa na mama zao.

Jioni Kerubo akaniuliza. Nikamwambia kufuli limeshika kutu.

"Kutu?"

"Chumvi ya bahari, mama. Ni mbaya sana. Nitamwambia fundi."

"Tafadhali mwambie leo. Nakihitaji hicho kifunguliwe, mama."

Nikasema ndiyo, na moyoni nikasema, anakihitaji kwa nini? Wasichana hawa wakikaa ng'ambo kidogo tu, adabu yote inabaki uwanja wa ndege. Fundi sikumwambia. Asubuhi akaniuliza tena, nikasema fundi anatafuta kifaa.

Siku ya pili meli ilikuwa katikati ya bahari, haina mahali pa kusimama. Baada ya kiamsha kinywa niliingia 822 kutoa vyombo. Mzee alikuwa roshani, amekaa. Sahani yake ilikuwa imejaa vilevile, mayai hayajaguswa, mkate haujaguswa.

"Tata, hukula?"

"Hiki si chakula. Toa. Na usimwambie mtu."

Nikatoa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimelelewa. Nikiwa natoka nilimsikia nyuma yangu akitia komeo la ndani, maana hakupenda watu wa taulo waingie ovyo.

Nilikuwa natandika kitanda cha mabinti 818 nikamsikia Kerubo roshani. Yeye na mzee walikuwa wanaongea hivyo tangu jana, kiwambo katikati. Yeye anaita, "Tata, uko?" na mzee anajibu, "Niko." Mara hii aliita, "Tata, uko?" na hakujibiwa. Akaita tena. Halafu nikasikia magoti yake yakigonga sakafu. Alikuwa ameinama kuchungulia kwenye ule uwazi wa shubiri moja.

"Onsongo! Kiatu chake kimelala! Baba ameanguka!"

Nilikimbia koridoni, nikaweka kadi yangu kwenye mlango wa 822. Taa ikawaka kijani, mlango ukafunguka upana wa kidole, ukagota. Komeo. Nikarudi mbio nikapitia 820. Nilipotokea roshani nilimkuta Onsongo, mwanamume mzima mwenye tumbo, ameshapitisha mguu mmoja juu ya ukingo ili azunguke kiwambo kwa nje. Chini yake ni ghorofa nane za meli, halafu bahari inayokwenda kasi.

Nikamshika mshipi kwa mikono miwili nikamvuta vile unavyovuta ndama kutoka mtaroni. Akaanguka juu ya kiti.

"Kaa hapo!" nikamwambia. Mgeni huyo. Niliyetakiwa kumwita bwana.

Nikatoa ufunguo mfukoni. Nusu mzunguko. Kiwambo kilifunguka bila hata kulia. Nilitamani kilie. Nilitamani kigome kidogo tu, kwa ajili yangu. Lakini nilikuwa nimelipaka mafuta mwenyewe, na hakukuwa na kufuli laini kama lile meli nzima.

Kerubo alipita chini ya mkono wangu. Mzee alikuwa chini kati ya kiti na ukingo, jasho limemlowesha shati, macho yako wazi lakini hayatutazami, anaongea na ng'ombe ambaye hayupo. Kerubo akaketi chini, akamwinua, akamlaza kichwa kifuani pake. Akatoa mfukoni pakiti za sukari, akazipasua kwa meno, akampaka sukari kwenye fizi kwa kidole. Polepole. Alipoona anameza vizuri akampa maji ya matunda kidogo kidogo, huku anamwambia mumewe aite daktari wa meli. Mimi nilikuwa nimesimama na ufunguo. Mkamwana amemkumbatia baba mkwe mchana kweupe mbele yangu, nami sikuona aibu yoyote kwao. Aibu yote ilikuwa kwangu, imenishika kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vya kazi.

Daktari akaja, akamtoboa kidole, akasema sukari ilishuka sana na kwamba mama huyu amefanya kazi yake vizuri. Kumbe Kerubo ni muuguzi. Kumbe mzee ana kisukari, na Kerubo ndiye anayemdunga sindano kila asubuhi kabla ya chakula. Asubuhi hiyo pia alikuwa ameingia kwa mlango wa koridoni akamdunga, akidhani atakula. Kumbe hayo yote yaliandikwa mwisho wa mstari kwenye orodha iliyokuwa imekunjwa mfukoni mwangu.

Mzee alipopata fahamu aliuliza, "Ng'ombe amefungwa?"

"Amefungwa, tata," Kerubo akasema.

Alipokwisha kulazwa kitandani na daktari ameondoka, Kerubo alirudi roshani. Akaenda kwenye kiwambo. Akatia kidole kwenye kufuli, akakisugua na kidole gumba, akanusa.

"Mafuta," akasema. "Kutu iko wapi, mama?"

Nikaurudisha ufunguo mfukoni, kana kwamba ndio ulioulizwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia asifungue," mzee akasema kutoka ndani. Sauti ilikuwa ndogo lakini ubishi ulikuwa umeshamrudia. "Ni chinsoni. Yeye amelelewa."

Kerubo akageuka. Alitabasamu, na ningependa zaidi angenizaba kofi.

"Tata, kila asubuhi nakudunga sindano ya tumbo. Tumbo! Nikikuinulia shati ni nani huwa anafunga macho, wewe au mimi?"

"Pale ni hospitali."

"Pale ni sebuleni kwangu."

"Ukishika sindano ni hospitali," mzee akasema. "Ukiiweka chini wewe ni mkamwana wangu. Nami siwezi kukaa na fulana mbele ya mkamwana wangu mpaka tufike bandarini. Hata nikifa."

Wakatazamana. Nikaona kwamba mzee hakuwa anatania, na Kerubo hakuwa na nguvu za kubishana naye tena, na kama sitafanya kitu kiwambo kile kitafungwa upya na kiatu kitalala tena. Nikaenda kwenye mkokoteni. Nikaleta shuka moja ya kitanda kidogo na vibanio vya nguo. Nikakiacha kiwambo wazi, kwenye kulabu, na pale kwenye nafasi nikatundika shuka, kuanzia juu ya kichwa cha mtu mpaka magotini. Chini ya magoti nikaacha wazi. Nikatia vibanio pande zote mbili upepo usiichukue. Nilikuwa nimepoteza kanzu moja na ilitosha.

Kerubo akaketi upande wake akatazama. Chini ya shuka vilionekana viatu viwili vya mzee, vimekaa chini sawasawa.

"Tata, uko?"

"Niko. Unaniona?"

"Naona viatu tu."

"Viatu si neno," mzee akasema.

"Sawa. Vikitazama juu, naingia. Sitabisha hodi."

Mzee akafikiri. "Vikitazama juu, ingia," akasema.

Nilikwenda kwa supavaiza mwenyewe kabla sijaitwa. Msinisifu; nilijua Kerubo akitaka kusema atasema vizuri kuliko mimi. Nikamweleza yote, uongo wa kutu, sahani, na orodha. Akainyoosha ile orodha mezani.

"Soma hapa mwisho," akasema.

Nikatazama. Nikatoa jasho kama mzee. Akaelewa. Akaniuliza, "Miaka saba?"

"Miaka saba."

Hakunifukuza. Aliniandikia onyo, na akanipa adhabu yake mwenyewe: kila asubuhi ya wageni wapya, kabla ya kazi kuanza, Bosibori atasimama mbele ya watandika vyumba wote na kusoma orodha kwa sauti, namba na maelezo, mpaka mwisho wa kila mstari. Wiki ya kwanza tulichelewa kuanza kazi kwa sababu ya neno moja tu, ambalo sasa najua ni la kusema mgeni anaumwa akila karanga. Msichana mmoja wa Machakos alikuwa ananong'oneza silabi kama anavyofanya mwalimu wa chekechea. Nilimchukia, halafu nikampenda. Nilisoma hivyo mpaka nilipostaafu, na adhabu haikufutwa, nadhani walisahau kuifuta. Ndiyo maana mnaona leo ninaandika. Mkikuta kosa, mjue lilikuwa kubwa zaidi zamani.

Siku ya kushuka, Mzee Nyakundi alinipa mkono. "Ulinifunika vizuri," akasema. Sikujua anazungumzia shuka au ule uongo wa kwanza, na sikuthubutu kuuliza.

Nimerudi nyumbani. Mwanangu Nyamweya amenijengea chumba kilichoshikana na nyumba yake. Kina mlango wake wa nje, nilikazania hilo, ili mtu akiniuliza kama nalala nyumbani kwa mwanangu niseme hapana bila kutenda dhambi. Lakini mkewe, Moraa, alimwambia fundi atoboe ukuta, atie mlango mdogo kati ya chumba changu na jikoni kwao. Kwa ajili ya presha yangu, alisema, maana mara mbili nimeona kizunguzungu nikamwaga maziwa chini. Nikamwambia sawa, mlango uwe, lakini ufunguo ukae kwangu. Ukakaa kwangu, kwenye msumari juu ya kitanda.

"Mama, ukianguka nitaingiaje?" Moraa akaniuliza.

"Nitakufungulia."

"Ukiwa umeanguka?"

"Moraa, mimi nilikuwa nafanya kazi ya milango kabla hujaolewa."

Akarudi jikoni kwake. Ni msichana mwenye adabu. Tulikaa hivyo wiki tatu, ufunguo kwangu, yeye ananiita kila asubuhi kupitia ukutani, "Mama, uko?" Nami najibu, "Niko."

Asubuhi moja juzijuzi nilikuwa nafunga kamba za viatu, sikumjibu haraka. Nikasikia magoti yake yakigonga sakafu ya jikoni. Alikuwa anachungulia chini ya mlango.

Nikainuka. Nikatoa ufunguo msumarini, nikafungua, nikampa.

"Utakaa kwako," nikamwambia. "Lakini kabla ya kuingia utakohoa kwanza. Sitaki mtu anikute na fulana."

Kesho yake alisimama nyuma ya mlango akakohoa, akakohoa tena, akakohoa mpaka Nyamweya akauliza kutoka uani kama kuna anayehitaji kupelekwa hospitali.

"Ingia, wewe," nikasema. "Mpaka majirani wamesikia."